Kuomba na Kusailiwa kwa Uzamivu wa Biolojia Marekani: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Afrika Mashariki

Mara ya kwanza niliomba vyuo saba, na vyote vikanikataa. Mara ya pili niliomba sita. Vitatu vikaniita kwenye usaili, viwili vikanipokea. Matokeo yangu ya shahada ya kwanza yalikuwa yale yale, na kati ya walimu watatu walioniandikia barua, wawili walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni namna nilivyoieleza kazi niliyoifanya kwa mikono yangu. Nauandika mwongozo huu kwa sababu kila mwaka naona vijana wenye uwezo mkubwa, kutoka Morogoro hadi Eldoret, Kampala hadi Huye, wakikwama pale pale nilipokwama mimi.

Ujue kwanza unachokiomba

Kwetu uzamivu huja baada ya uzamili. Marekani programu nyingi za biolojia humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja, na masomo huchukua miaka mitano au sita. Shahada ya uzamili inasaidia kama imekupa uzoefu wa utafiti, lakini usiache kuomba kwa sababu tu huna.

Jambo la pili ambalo wengi hawaambiwi: programu nzuri ya uzamivu wa biolojia haikutozi ada. Chuo hukulipia ada na bima ya afya, kisha hukupa posho ya kujikimu, kwa sababu utakuwa unafanya utafiti wa maabara yao na mara nyingi kuwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ukikuta programu inayotaka ujilipie mwenyewe, achana nayo, hata jina la chuo liwe kubwa namna gani.

Fedha hizo hutoka mahali fulani, na ni vyema ujue ni wapi. Sehemu kubwa hutokana na ruzuku za serikali kuu ya Marekani. Baadhi ya fedha za mafunzo za taasisi ya afya ya NIH, pamoja na ufadhili maarufu wa wanafunzi wa NSF (shirika la serikali linalofadhili sayansi), ni kwa raia na wakazi wa kudumu tu. Ndiyo maana katika programu nyingi nafasi za wageni huwa chache kuliko unavyodhani, na unaweza kukataliwa bila kosa lolote katika maombi yako. Mwaka 2025 fedha za utafiti zilipoyumba, baadhi ya vyuo vilipunguza idadi ya wanafunzi wapya. Kabla ya kulipa hata senti moja, mwandikie mratibu wa programu umuulize swali moja: mwaka huu mnapokea wanafunzi wa kimataifa, na ufadhili wao unatoka wapi? Waratibu hujibu, na jibu lao litakuokolea fedha.

Vilevile fungua tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini mwako usome hali ya viza ilivyo sasa. Tangu mwaka 2025 raia wa baadhi ya nchi wamewekewa vikwazo vinavyogusa hata viza za masomo, na baadhi ya nchi hizo ni za Afrika Mashariki. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo usitegemee ulichosikia kwa rafiki aliyeondoka miaka mitatu iliyopita.

Milango miwili

Programu za biolojia ya molekuli, seli, jenetiki, kinga ya mwili na jamaa zake kwa kawaida hukupokea kwenye programu nzima. Mwaka wa kwanza unazunguka maabara tatu hivi, kila moja kwa wiki nane au kumi, ndipo unachagua pa kukaa. Hapa hulazimiki kumwandikia profesa kabla ya kuomba. Anayekuchagua ni kamati.

Ikolojia, mageuzi na tabia za wanyama ni mlango mwingine. Humo mara nyingi profesa mmoja ndiye anayekuchukua, na kama hakujui, maombi yako yanaweza kupita bila mtu wa kuyatetea. Ukitaka kusoma furu wa Ziwa Victoria au nyani wa Amboseli, mwandikie profesa mwezi wa Agosti au Septemba. Barua pepe iwe fupi, isomeke kwenye simu bila kushuka chini mara mbili. Yangu iliyopata jibu ilikuwa na sentensi tano: mimi ni nani na nafanya kazi wapi, makala gani ya kwake nimesoma, swali moja lililonibaki baada ya kuisoma, kazi gani nimewahi kufanya inayogusa swali hilo, je, atapokea mwanafunzi mwaka ujao? Wasifu niliuambatisha. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha endelea na wengine.

Lile swali moja ndilo lenye uzito. Profesa hupata barua nyingi zinazosema "nimevutiwa sana na kazi yako". Barua inayouliza kwa nini mitego iliwekwa ndani ya nyumba tu ilhali mbu wa eneo lile huuma nje, hiyo ataifungua tena.

Kalenda

Tarehe za mwisho nyingi ziko kati ya tarehe 1 na 15 Desemba. Usaili huwa Januari na Februari, wakati mwingine hadi Machi mwanzoni. Vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha mwanafunzi ajibu kuhusu ofa yenye ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili. Masomo huanza Agosti au Septemba.

Hesabu kurudi nyuma. Juni na Julai chagua programu sita hadi kumi. Agosti waone walimu wa barua. Septemba na Oktoba andika insha. Novemba yote iache kwa mambo yatakayoharibika: chuo kuchelewesha nakala za matokeo, mwalimu kusafiri, umeme kukatika siku ya kutuma.

Mitihani, ada na karatasi

GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, imefutwa katika programu nyingi za biolojia, na ule mtihani wake maalumu wa Biolojia ulisitishwa mwaka 2021. Usiulipie mpaka uone programu unayoitaka inaudai. Mtihani wa Kiingereza ni habari nyingine: vyuo kadhaa humsamehe aliyesoma chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, vingine vina orodha ya nchi na yako inaweza isiwemo. Uliza kwa maandishi. Ukisamehewa, lihifadhi lile jibu.

Ada ya maombi huwa kati ya dola 75 na 125 kwa chuo, wakati mwingine zaidi. Omba kusamehewa mapema, ikiwezekana Oktoba, kwa kuwa maombi ya msamaha nayo yana tarehe zake. Kama huna kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, kadi ya Visa ya mtandaoni inayounganishwa na M-Pesa hufanya kazi. Ijaribu kwa malipo madogo kabla ya usiku wa mwisho. Ofisi za EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kuwashauri wanaotaka kusoma huko, hutoa ushauri bure, kwa hiyo watembelee.

Kuhusu alama zako, usizigeuze mwenyewe. Vyuo vingi vya Tanzania hutumia GPA (wastani wa alama) ya 5. Fomu ya Marekani imezoea 4. Ukijaza 3.8 bila kuonyesha kwamba kipimo ni 5, umewadanganya bila kukusudia, na watakapoiona nakala yako watajiuliza mengine. Andika 3.8 kati ya 5.0, kama ilivyo.

Barua za mapendekezo

Zinatakiwa tatu. Angalau mbili zitoke kwa watu waliokuona ukifanya utafiti. Mkuu wa idara au mkurugenzi mwenye cheo kikubwa ambaye hakuwahi kukuona maabara ataandika kwamba wewe ni mwadilifu na mchapakazi, na kamati itajua hakujui. Mtafiti kijana aliyekusimamia kila siku ataandika kwamba siku jokofu lilipozima ulikesha ukihamisha sampuli, na siku iliyofuata ulikuja na jedwali la zilizoharibika. Mwombe huyu. Kama ana wasiwasi kwamba hana cheo, barua inaweza kutiwa saini na wote wawili.

Nenda kwake ana kwa ana ikiwezekana. "Shikamoo Daktari, naomba kuzungumza na wewe kuhusu barua ya mapendekezo. Je, unaona unaweza kuniandikia barua yenye nguvu?" Neno hilo la mwisho linampa nafasi ya kukataa kwa heshima, na ni afadhali akatae Agosti. Akikubali, mpe faili moja: wasifu, rasimu ya insha, orodha ya vyuo na tarehe, na ukurasa mmoja wa kumkumbusha mambo matatu uliyofanya chini yake. Mwambie atumie anwani ya barua pepe ya chuo au taasisi. Mkumbushe wiki mbili kabla, kisha siku tatu kabla. Kumkumbusha si utovu wa adabu. Walimu wetu wana mizigo mikubwa na wengi hushukuru.

Insha: hapa ndipo nilipoanguka

Insha yangu ya kwanza ilianza hivi (naiweka kwa Kiswahili):

"Tangu nikiwa mtoto nimeipenda sayansi. Nilikulia kijijini ambako malaria iliua watu wengi, na hapo nikapata ndoto ya kuwa mwanasayansi ili niisaidie jamii yangu."

Kila neno hapo ni kweli. Lakini msomaji wa kamati ana rundo la insha mbele yake, na katika sentensi hizo hakuna hata moja inayomwonyesha ninavyofikiri. Mwaka uliofuata nilianza hivi:

"Kwa miezi saba nilitundika mitego ya taa kando ya vyandarua katika nyumba 24 za bonde la Kilombero. Mitego ilituambia mbu wamepungua. Wenye nyumba walituambia wanaumwa kama zamani, ila sasa ni jioni, nje, wakati wa kupika. Nilianza kujiuliza kama tulikuwa tunapima kupungua kwa mbu au kubadilika kwa mahali wanapouma."

Kazi ilikuwa ndogo. Sikuwa na makala iliyochapishwa wala mashine ya bei kubwa. Lakini aya ile ina kitu kilichopimwa, matokeo yasiyopatana, na mtu aliyeacha kuandika namba akauliza swali. Kamati inatafuta mtu huyo.

Baada ya mwanzo, insha nzuri huenda hivi: eleza mradi mmoja kwa kina, au miwili, kwa mpangilio wa swali, ulichofanya, ulichopata, na kisichojibiwa. Kisha sema ni maswali ya aina gani ungependa kuyafuata kwa miaka mitano. Kisha, kwa kila chuo, taja maprofesa wawili au watatu na sababu inayohusu kazi zao hasa. Kurasa mbili zinatosha, labda chuo kiseme vinginevyo. Kama alama za mwaka wa pili zilishuka kwa sababu ya ugonjwa au msiba, sema kwa sentensi mbili kisha songa mbele. Historia ya kijiji chako iweke kwenye insha ya maisha binafsi, kama chuo kinaitaka. Huko ina nafasi yake.

Na hapa kuna jambo la lugha na malezi yetu. Tumefunzwa kusema "sisi". Tulikusanya, tulichambua, tulipata. Ni adabu: hujitwalii sifa za wenzako. Lakini msomaji wa kamati akiona "tu-" kila mahali hajui wewe ulikuwa wapi. Pitia rasimu yako, na kila penye "tu-" jiulize: hili nililifanya mimi? Kama ndiyo, andika "ni-". Kama alilifanya mwenzako, mtaje kwa nafasi yake: "fundi wa maabara alipima DNA kwa PCR, mimi nilichambua data." Huo ndio ukweli kamili, na hauondoi adabu yoyote.

Mpe mtu asiye wa fani yako aisome. Kisha mpe mtu mkali wa fani yako. Kisha iache siku nne kabla ya kuigusa tena.

Usaili

Ukiitwa, furahi kidogo, kwa sababu umeshapita mchujo mkubwa zaidi. Waombaji walio Marekani mara nyingi husafirishwa kwenda chuoni siku mbili au tatu; sisi wa mbali mara nyingi husailiwa kwa video. Utakutana na maprofesa watatu hadi sita, mmoja mmoja, kila mmoja nusu saa hivi.

Kwanza saa. Januari, saa ya Boston iko nyuma ya yetu (Tanzania, Kenya na Uganda) kwa saa nane, na ya California kwa saa kumi na moja. Wakiandika 10:00 asubuhi ya Boston, kwako ni saa kumi na mbili jioni. Wakiandika 2:00 mchana ya California, kwako ni saa saba usiku, na tarehe imeshageuka. Jumapili ya pili ya Machi wao husogeza saa mbele, tofauti ikapungua kwa saa moja. Ziandike zote mbili kwenye karatasi moja, kisha mwombe mratibu athibitishe.

Tafuta chumba chenye intaneti ya kuaminika, weka bando la akiba kwenye simu, chaji kila kitu tangu asubuhi. Watumie waratibu namba yako ya simu mapema, na uwaambie umeme ukikatika utarudi ndani ya dakika tano kupitia simu. Mimi ulinikatikia katikati ya usaili wa pili. Nilirudi gizani na mwanga wa simu usoni, profesa akaniuliza kama niko salama, tukaendelea.

Sasa maandalizi yenyewe. Andaa maelezo ya utafiti wako kwa urefu wa aina tatu: dakika moja, dakika tatu, dakika kumi. Yaseme kwa sauti, kwa Kiingereza, mbele ya mtu, mpaka yatoke bila kukaririwa. Kwa kila profesa soma makala moja ya karibuni kwa makini, ukiangalia michoro kabla ya maneno, na utoke na maswali mawili. Makala kumi zilizopitiwa juu juu hazisaidii.

Kisha jiandae kuchimbwa. Wanaanza na kazi yako, wakishuka ngazi moja moja mpaka wafike usipojua. Wangu ulienda hivi. Profesa aliniuliza mbu gani walikuwa kwenye mitego. Nikasema wengi walikuwa *Anopheles arabiensis*. "Mlijuaje?" Nikaeleza kwamba kwa macho huwezi kumtofautisha na jamaa zake wa kundi la *gambiae*, hata kwa hadubini, kwa hiyo sampuli zilipimwa kwa PCR. "Zote?" Hapana, sehemu tu, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kila wiki. "Na kama mbu wameanza kuuma nje, mtego wako wa ndani ungekuonyesha nini?" Nikasema ungenionyesha kupungua hata kama idadi yao haijabadilika, na ndiyo shaka yangu. "Ungeithibitishaje?"

Hapo nilikuwa sina jibu tayari. Nilikaa kimya kama sekunde tano, ambazo kwenye video ni ndefu. Nikasema: "Sijui njia iliyo bora. Ningeanza kwa kutega ndani na nje usiku huo huo, kwenye nyumba zile zile, nione uwiano unavyobadilika kwa saa." Akaniuliza kuhusu ng'ombe waliofungwa karibu na nyumba, kwa sababu *arabiensis* huuma ng'ombe pia. Sikuwa nimewafikiria. Nikasema hivyo, nikauliza kama damu iliyo tumboni mwa mbu inaweza kuonyesha waliuma nani. Tukazungumza juu ya hilo mpaka muda ukaisha.

Mwaka wa kwanza, katika usaili wa kazi ya utafiti nyumbani, swali kama hilo lilinifanya nibuni jibu, na msaili aliligundua. Kusema "sijui" ukanyamaza ni vibaya. Kubuni ni vibaya zaidi. Sema hujui, kisha onyesha ungeanzia wapi. Ukijifunza jambo hilo moja tu, umeshajiandaa kwa nusu ya usaili.

Maswali mengine yatakayokuja karibu kwa hakika: Kwa nini uzamivu, na kwa nini sasa? Kitu gani kiliharibika katika utafiti wako, na ulifanya nini? Ukipewa fedha na miaka miwili, jaribio gani lingefuata? Kwa nini chuo hiki? Ungependa kuwa maabara gani, na ya pili? Swali la kilichoharibika usilikwepe kwa kusema ulikuwa mwangalifu mno. Kila anayefanya utafiti ameharibu kitu.

Malezi tena. Sisi huonyesha heshima kwa kuinamisha macho, kungoja mkubwa amalize, kutombishia. Huko hayo husomeka kama kutojiamini au kutopendezwa. Tazama kamera. Profesa akikosea kuhusu kazi yako, msahihishe kwa upole: "Samahani, nadhani sikueleza vizuri, ilikuwa hivi." Mwite Daktari au Profesa mpaka yeye mwenyewe akuambie umwite kwa jina lake la kwanza.

Mazungumzo na wanafunzi wao yanachukuliwa kama ya starehe, lakini ukiwa na dharau au majivuno, habari itafika. Pia ndipo utakapopata ukweli. Waulize posho inatosha kodi ya nyumba? Wanafunzi wa kimataifa wanalipwa mwaka mzima au hukatiwa majira ya joto? Nani ameondoka kwenye maabara fulani, na kwa nini? Profesa huyu hujibu barua? Sikiliza wanaposita.

Ndani ya siku moja, mwandikie kila aliyekusaili mistari mitatu ya shukrani yenye jambo moja mliloliongelea.

Ofa

Ofa ikija, isome kwa kalamu mkononi: posho kwa mwaka, miaka mingapi imehakikishwa, bima, ada ndogo ndogo zinazokatwa, na wajibu wa kufundisha. Dola 35,000 katika mji mdogo wa Indiana na dola 45,000 katika San Francisco si kitu kimoja. Tafuta bei ya chumba kabla ya kulinganisha. Huna lazima ya kukubali siku hiyo hiyo. Lakini ukishajua chuo ambacho hutakwenda, kiarifu mapema, kwa sababu kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri, huenda ni wa kwetu, anayengoja nafasi yako. Na kama aliye kwenye orodha hiyo ni wewe, andika barua fupi kwamba bado unaitaka nafasi, kisha weka simu karibu siku za mwisho kabla ya tarehe 15 Aprili.

Baada ya kukubali, chuo kitakutumia fomu ya I-20, hati ya kuombea viza ya mwanafunzi. Utalipia SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) dola 350, pamoja na ada ya viza, mbali na nauli ya ndege, na posho ya kwanza inaweza isiingie mpaka mwezi mmoja baada ya kufika. Mwandikie mratibu kumuuliza kama kuna mkopo wa dharura au malipo ya kuhamia. Miadi ya ubalozini iweke siku ile ile I-20 inapofika.